Mizani ya Kodi: Mawaidha juu ya Kodi ya Mapato na Kodi ya Mauzo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, aliyempa huyu kwa wingi ili amtazame kwamba atashukuru au atakufuru, na akampa yule kwa uchache ili amtazame kwamba atasubiri au atanung'unika. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyefanya biashara kabla ya utume na watu wa Makka wakamwita Mwaminifu, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad.

Enyi ndugu zangu Waislamu! Jioni moja baada ya sala ya alasiri nalikuwa nimekaa barazani pamoja na jamaa, na mazungumzo yakafika katika habari za uchaguzi wa Marekani. Ndugu yetu mmoja, mwenye duka la jumla, akasema: "Shekhe, kule Marekani wako watu wenye akili. Wataka kuifuta kodi ya mapato yote, mtu asiulizwe amepata nini wala asijaze karatasi. Kodi iwe dukani tu, anunuaye ndiye alipaye. Hiyo si ndiyo haki? Nasi huku twangoja nini?" Wengi wakaitikia ya kwamba ni kweli.

Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja aliyekuwa hamali wa bandarini ujana wake wote. Akasema kwa upole: "Mwanangu, nakuuliza neno moja. Mimi shilingi niipatayo asubuhi hailali kwangu. Jua likichwa imekwisha kuwa unga na mafuta ya taa. Zako wewe hulala, na nyengine hulala miaka. Basi kodi hiyo itaziona za nani?"

Baraza likanyamaza, nami sikuwa na jawabu ya papo hapo. Nikawaahidi kuitafuta, na kijarida hiki ndicho jawabu yangu. Nimeona niichapishe kwa kuwa jambo hili si la Wamarekani peke yao. Kila nchi yenye uchaguzi, ahadi ya kuondoa kodi hupendeza masikioni kuliko ahadi nyingine zote, na Mwislamu mwenye kura yampasa ajue asikiacho.

HABARI YENYEWE

Jueni ya kwamba serikali kuu ya Marekani haikuwa na kodi ya mapato ya kudumu mpaka mwaka 1913. Zamani ilikula zaidi kwa ushuru wa forodha na ushuru wa vitu kama pombe na tumbako. Mwaka 1894 ilitungwa sheria ya kodi ya mapato, na mwaka 1895 Mahakama Kuu yao ikaibatilisha. Ndipo ikalazimu kuigeuza Katiba yenyewe, na geuzo la 16 la Katiba likathibitishwa mwaka 1913. Tangu siku hizo mapato ya mtu huhesabiwa kila mwaka, na azidiye kupata huzidishiwa kiwango.

Mwaka 1999 mjumbe wa Bunge lao kutoka jimbo la Georgia, jina lake John Linder, alipeleka mswada uitwao FairTax, maana yake Kodi ya Haki. Mswada huo wataka kufuta kodi ya mapato ya watu na ya makampuni. Na makato ya mishahara yanayowekwa kwa ajili ya pensheni na matibabu ya wazee. Na kodi ya urithi na ya zawadi kubwa. Na kuivunja idara ikusanyayo hayo. Badala yake iwepo kodi moja ya mauzo nchi nzima, itozwe juu ya kila kitu kipya na kila kazi ya malipo inayouzwa kwa mtumiaji wa mwisho. Na ili maskini asiumie, kila nyumba ipewe fedha kila mwezi, kwa kadiri ya kodi itakayomfika mtu anunuapo mahitaji yake ya lazima.

Katika uchaguzi wa mwaka 2008 Mike Huckabee, aliyekuwa gavana wa Arkansas na kabla ya hapo mhubiri wa kanisa, aliishika kodi hiyo akaifanya bendera yake. Akashinda katika jimbo la Iowa tarehe 3 Januari, walakini chama chake hakikumteua. Mwezi Januari 2023 Spika wa Bunge lao hakupatikana ila baada ya duru 15 za kura, na katika maafikiano ya wale waliomzuia ikasemwa ya kuwa mswada huu utaletwa. Papo hapo chama cha pili kikaushika kama fimbo ya kuwapigia wenzao, na Rais Biden akautaja katika hotuba zake. Hata Spika mwenyewe akasema haupendi. Bunge lile likamaliza muda wake na mswada haukupigiwa kura na wajumbe wote. Na katika uchaguzi wa mwaka 2024 Donald Trump alisema mbele ya wajumbe wa chama chake ya kwamba ushuru wa forodha waweza kuchukua mahali pa kodi ya mapato. Ushuru huo nao ni kodi iliyo ndani ya bei ya kitu.

Basi kwa muda wa miaka zaidi ya 25 neno hili limekuwa mali ya majukwaani. Husemwa wakati wa kutaka kura, na kura zikiisha hurudishwa sandukuni.

HOJA ZA WENYE KUITAKA

Dini yetu yatukataza kumdhulumu mtu hata katika kuyasimulia maneno yake. Kwa hiyo nazitaja hoja za watu hao kama wanavyozisema wenyewe.

Wasema kwanza: kodi ya mapato yamwadhibu mtu kwa kufanya kazi na kwa kuweka akiba, hali kazi na akiba ni mambo mema. Wasema pili: sheria zake zimekuwa nyingi mno hata mtu wa kawaida hazijui, na tajiri hulipa wanasheria wamwonyeshe matundu ya kupenyea. Wasema tatu: si vizuri serikali kuchungulia katika mfuko wa kila mtu na kumuuliza amepata nini na amempa nani. Wasema nne: mwizi na mfanya magendo hawaandiki mapato yao, walakini nao hula na hununua magari, basi kodi ya dukani itawafika.

Hoja hizi si za kutupwa. Ya pili ni kweli dhahiri, na ya tatu ina heshima ndani yake, kwani siri ya mtu ina haki yake katika sharia yetu. Aidha zile fedha za kila mwezi kwa kila nyumba zimefanana kidogo na nisabu ya zaka, kwa kuwa nazo zamwachia mtu kiasi cha kula kabla ya kuguswa. Lau jambo lingeishia hapo, ningesema kama alivyosema ndugu yetu mwenye duka. Lakini haliishii hapo.

VIBABA VIWILI

Mwenyezi Mungu amefungua sura nzima kwa kuwaonya wapunjao vipimo, wale ambao wakijipimia kwa watu hujaza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Nabii Shuaib, amani iwe juu yake, alitumwa kwa watu ambao pamoja na ushirikina wao dhambi yao kubwa ilikuwa mizani. Basi na tuitazame mizani ya kodi hii.

Wenye mswada huu wasema kodi yao ni 23 kwa mia. Mtu akisikia hivyo hudhani ya kuwa kitu cha dola 100 kitaongezwa dola 23, kiwe 123. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kila dola 100 zitokazo mfukoni mwa mnunuzi, 23 ni za kodi na 77 ni za mwenye duka. Haya, 23 ni sehemu gani ya 77? Ni karibu ya 30 kwa mia. Ni kusema kitu ambacho muuzaji anakitaka dola 77 kitatoka dukani kwa dola 100, na kitu cha dola 100 kitatoka kwa dola 130 hivi.

Watetezi wao hujibu ya kuwa kodi ya mapato nayo huhesabiwa hivyo, ndani ya jumla na si juu yake, na kwamba wamepima vile ili vitu viwili vilinganike. Jawabu hiyo ina sehemu ya ukweli, wala sisemi hesabu yao ni ya uongo. Lakini kodi za mauzo zilizoko katika majimbo 45 ya Marekani zahesabiwa juu ya bei, na mnunuzi wa kule amezoea hivyo tangu utotoni. Mtu akimpimia mwenzake kwa kibaba ambacho mwenzake hakijui, naye ajua ya kuwa hakijui, basi hata kibaba kikiwa kimejaa, amana imepunguka. Mwenye kuomba kura yampasa aseme yote mawili: "Ni 23 kwa hesabu hii, na ni 30 kwa hesabu mliyoizoea."

Tena kuna la pili. Mwaka 2005 Rais George W. Bush aliweka baraza la washauri kuzitazama kodi za nchi yake. Baraza hilo likaipima kodi ya mauzo ya nchi nzima, likaona ya kwamba kwa kuondoa kodi ya mapato peke yake, bila ya yale makato ya mishahara, kiwango kingehitaji kuwa si chini ya 34 kwa mia juu ya bei, na kingepanda ikiwa watu watakwepa au vitu vingi vitasamehewa. Likaona pia ya kuwa kuzipa nyumba zote fedha kila mwezi kungegharimu kama dola bilioni 600 kwa mwaka mmoja. Baraza lile halikushauri kodi hiyo ifuatwe. Na hao hawakuwa maadui wa Rais wala wa chama chake, yeye ndiye aliyewateua.

NANI AUBEBAO MZIGO

Sasa turudi kwa swali la mzee wetu, nami nitalijibu kwa mfano mwepesi ambao kila mwenye duka aweza kuuhesabu.

Tuseme wako watu wawili. Wa kwanza apata dola 30,000 kwa mwaka, na zote zamwishia katika kula, kuvaa, kodi ya nyumba na matibabu. Wa pili apata dola 1,000,000. Atumia 200,000 na kuishi kwa raha, na 800,000 aziweka katika hisa na benki. Tuseme kila mmoja arudishiwa dola 3,450 kwa mwaka, ndiyo kodi ya 23 kwa mia ya mahitaji ya dola 15,000.

Wa kwanza kodi yake ni dola 6,900; toa 3,450, yabaki 3,450. Hiyo ni 11 na nusu kwa mia ya pato lake. Wa pili kodi yake ni dola 46,000. Toa 3,450, yabaki 42,550. Hiyo ni kama 4 na robo kwa mia ya pato lake. Kwa kuhesabu dola, tajiri ametoa nyingi zaidi. Kwa kuhesabu uzito, yule wa kwanza amebebeshwa mara mbili na zaidi.

Watajibu: "Tajiri naye siku moja atazitumia, na hapo atalipa." Labda. Lakini mali ya tajiri mkubwa haitumiki yote na mwenyewe; huzaa, kisha hurithiwa, na mswada huu waifuta kodi ya urithi pia. Maskini hana siku moja, anayo leo. Maskini kabisa huenda akapona kwa zile fedha za kila mwezi, na tajiri sana apona kwa wingi wa mali yake ilalayo. Aliye kati yao ndiye wa kubeba: seremala, mwalimu, dereva, mtu mwenye watoto wanne na mshahara mmoja.

Basi mzee wetu jawabu yako ni hii: kodi hiyo itaziona zako kwanza, kwa kuwa zako ndizo zipitazo dukani zote.

ZAKA YATAZAMA WAPI

Hapa ndipo penye neno ambalo kwalo nimekuandikieni. Ndugu yetu aliuliza: "Hiyo si ndiyo haki?" Sisi Waislamu hatukuachwa tubuni maana ya haki kwa kubahatisha. Tunao mfano ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe ameuweka, nao ni zaka. Zaka si kodi ya serikali, ni ibada na ni nguzo. Lakini ndani yake mna mafunzo ya namna ya kuchukua mali ya watu bila ya kuwadhulumu.

Fikirini zaka yatazama wapi. Haimtazami mtu anapokwenda sokoni kununua unga. Haitazami nyumba anayolala, wala nguo anayovaa, wala chombo cha kazi yake. Yaitazama mali iliyotulia. Dhahabu ikifika mithqali 20, ndizo kama gramu 85, au fedha ikifika dirhamu 200, na ikakaa kwa mwenyewe mwaka mzima, hutoka moja katika 40. Bidhaa za biashara huthaminiwa mwisho wa mwaka kwa bei ya siku ile, hutoka kiasi hicho hicho. Mbuzi 39 hawana kitu. Akitimia wa 40 hutoka mmoja. Na shamba linaloota kwa mvua hutoka moja katika 10, lakini likimwagiliwa kwa taabu na gharama hutoka moja katika 20. Tazameni hekima hii: mkono uliotoka jasho umepunguziwa nusu.

Basi zaka hungoja. Humwachia mtu ale, avae, alishe watoto, alipe matumizi yake ya mwaka, kisha huuliza: kimebaki nini, na kimelala muda gani? Kodi ya mauzo yafanya kinyume. Humpata mtu mlangoni pa duka, wakati wa haja yake, na ile mali iliyolala huipita kimya. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Hashri amebainisha kwa nini mali ya fai iligawiwa kama ilivyogawiwa: ili mali isiwe yazunguka baina ya matajiri peke yao.

Sisemi ya kwamba kutoza bidhaa ni haramu kwa dhati yake. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amuwie radhi, aliweka watu katika njia za misafara, wakamtoza mfanya biashara Mwislamu moja katika 40, na dhimmi moja katika 20, na mgeni wa nchi ya vita moja katika 10, kwa sababu nchi zao ziliwatoza Waislamu hivyo. Lakini alimtoza mwenye msafara wa mali, hakumtoza mjane anunuaye kibaba cha shayiri. Na baada yake watawala waliongeza tozo za masokoni, ziitwazo maksi, hata alipotawala Umar bin Abdul Aziz katika mwaka 99 wa Hijra, nao ni mwaka 717 wa Miladi, akaamuru ziondolewe. Imepokewa ya kuwa alizihesabu hizo kuwa ndiko kule kupunja watu vitu vyao kulikokatazwa katika Qur'ani. Tazameni jinsi alivyozirudisha tozo za soko katika mlango wa mizani.

Na wanavyuoni hawakusema ya kwamba mtawala asichukue chochote zaidi ya zaka. Imamu Ghazali na wengineo wameruhusu, hazina ikiwa tupu na haja ikiwa ya kweli. Walakini waliweka utaratibu. Tartari walipokaribia Misri, katika mwaka 657 wa Hijra, Sultani Qutuz alitaka fedha za watu kwa ajili ya vita. Shekhe Izzuddin bin Abdis Salam akamjibu ya kuwa yafaa, kwa sharti: kwanza hazina iishe, na maamiri watoe dhahabu na mapambo yao hata walingane na watu wa kawaida, kisha ndipo waombwe raia. Na Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake twavisoma katika darsa zetu, alikataa kumwandikia Sultani Baybars fatwa ya namna hiyo mpaka dhahabu ya watumishi wake itolewe kwanza. Sultani akakasirika, na shekhe hakurudi nyuma.

Basi ndugu zangu, hiyo ndiyo mizani. Kila mara mtu akikuleteeni kodi mpya, iwe ya mapato au ya mauzo au ya forodha, msimuulize jina lake, kwani kila mtu huita yake "ya haki". Muulizeni mambo matatu. Yaanzia kwa nani? Yamwachia maskini nini? Na ile mali iliyolala, yaiona au haiioni?

YATUPASAYO SISI

Yasije mawaidha haya yakawa ya kuwahukumu Wamarekani tu, nasi tukajisahau. Nchi zetu zinazo kodi za bidhaa. Kenya ilianza kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1990, na kiwango chake cha kawaida leo ni 16 kwa mia. Tanzania Bara ilianza mwaka 1998, na chake ni 18. Wala huku kodi hiyo haikuondoa ile ya mapato. Zimekaa zote mbili pamoja. Hili nalo ni funzo kwa Wamarekani, kwani kuifuta ruhusa ya kodi ya mapato katika Katiba yao kwahitaji theluthi mbili za kila baraza la Bunge, na majimbo 38 katika 50. Waliotunga mswada wa FairTax wameliona hilo, wakaandika ya kuwa Katiba isipogeuzwa katika miaka saba, kodi ya mauzo itakoma. Lakini kodi iliyokwisha kuzoeleka ni nzito kuiondoa kuliko ilivyoandikwa.

Na mwaka 2024 tuliona Kenya jinsi mswada wa fedha uliotaka kuutoza mkate 16 kwa mia ulivyowaudhi watu. Kifungu cha mkate kiliondolewa, lakini ghadhabu ilikuwa imekwisha kuwaka. Tarehe 25 Juni watu wakauawa katika maandamano, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi mswada huo. Mkate ni kitu kidogo mezani pa tajiri. Kwa asiye na kitu kingine, mkate ndio meza yenyewe.

Basi nausia mambo manne.

La kwanza, kwa wenye maduka. Kodi mnayoiongeza juu ya bei si mali yenu, ni amana mikononi mwenu. Mwenye kumtoza mnunuzi kwa jina la kodi, kisha akaificha, amekula mara mbili: amemhini mnunuzi na ameihini hazina. Asiseme, "Serikali nayo hula." Dhuluma ya mwingine haihalalishi ya kwako.

La pili, kwa wote. Msiseme, "Nimelipa kodi, basi zaka imetoka." Kodi huenda katika barabara na mishahara na madeni ya nchi. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, na nia yake, na hesabu yake. Hii haisimami mahali pa ile.

La tatu, kwa wenye kura. Kura ni ushahidi. Atakayekuja kwenu na ahadi ya kuondoa kodi, msimshangilie wala msimzomee mpaka amalize hesabu. Kila kodi iondolewayo mahali, ama huwekwa mahali pengine, ama huondoa dawa hospitalini. Mwambieni awaonyeshe mahali pengine hapo ni wapi.

La nne, kwa wenye mali. Kodi za wanadamu huenda zikapita mbele ya ghala lako zisikuone, au ukampata mtu wa kukuonyesha tundu la kupenyea. Zaka yaliona ghala, yajua siku bidhaa ilipoingia, na Mwenye kuidai hahitaji karatasi yako.

Nilipoyamaliza maneno haya niliyasoma pale pale barazani. Mzee hamali alitikisa kichwa, akasema: "Alhamdulillahi, kumbe swali langu halikuwa la ujinga." Ndugu yetu mwenye duka hakujibu kitu, nami niliogopa nimemvunja moyo. Baada ya sala ya isha akanishika mkono mlangoni pa msikiti, akaniuliza: "Shekhe, mwaka wa bidhaa huhesabiwa tangu lini? Nina maduvi ya vitambaa ghalani, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoyathamini." Tukakaa tukahesabu pamoja mpaka usiku ukawa mwingi. Mungu amlipe kheri, na mimi anisamehe kwa kumdhania vibaya.

Ewe Mola wetu, tusimamishie mizani kwa uadilifu, katika soko zetu na katika baraza za watawala wetu. Utupe watawala wanaoanza kwa nafsi zao kabla ya kuwafikia raia. Usizifanye mali zetu zilale juu yetu kama mzigo Siku ya Kiyama. Uwape masikini wetu chakula cha leo na heshima ya kesho, na utupe sisi masikio ya kusikia swali la mnyonge kabla ya jawabu ya mwenye nguvu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.